Bafta Nyeupe ya Rahaleo

Sehemu ya Saba

Selemani alikuwa bado ameuinua mkono abishe hodi. Mfuko wa sukari aliokuwa ameubana kwapani ukateleza, ukaanguka, ukapasuka, na sukari aliyoipangia foleni tangu alfajiri ikamwagika kwenye mchanga wa Rahaleo. Wanawake walikuwa wamejaa barazani. Sukari, miaka ile! Hakuna aliyeinama kuizoa. Hapo ndipo alipojua kuwa nyumba ile ina maiti.

Msomaji wangu, najua. Wiki nzima mmekuwa mkibishana kama Bi Somoe atamfungulia mwanawe mlango au atambamizia usoni. Yuko bwana mmoja wa Newala aliyeniletea salamu kwamba nikimfanya bibi yule asamehe mapema, yeye ataacha kununua gazeti. Basi na anisamehe mimi. Bi Somoe hakusamehe wala hakukataa. Alikuwa amelazwa chali chumbani, kidevu kimefungwa kwa kitambaa, macho yamefumbwa kwa mkono wa rafiki yake.

Aliyetoka nje ni mjomba Mussa, kaka wa marehemu, mzee wa maneno machache na hasira nyingi. Alimweleza mpwa wake kwamba kifua kilimbana Bi Somoe usiku, kwamba kulipokucha walimpakia kwenye baiskeli wamkimbize hospitali, na kwamba walipofika sokoni alikuwa ameshakata roho. Wakaigeuza baiskeli.

"Mngeniita, mjomba," Selemani akasema.

"Tukuite uje uzime nini?"

Neno lile lilimchoma Selemani. Na wewe unayeikuta hadithi hii leo kwa mara ya kwanza unastahili kujua kwa nini.

Serikali ilikuwa imetangaza mashindano ya miji. Mji utakaopunguza moshi kuliko mingine ungepewa fungu la fedha, nao wenyewe uchague la kulifanyia. Mtwara ilichagua gari la wagonjwa, kwa sababu lililokuwapo lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina hata gurudumu. Moshi ungepimwa kwa bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba. Kila kata ilipewa bafta nyeupe ndefu, ikaitundika kwenye mlingoti kutoka juu hadi chini, ili wataalamu wajue moshi unapita kimo gani. Mwishoni angekuja mpimaji kutoka Dar es Salaam kuzitazama. Bafta iliyobaki nyeupe ni ushindi, iliyochafuka ni aibu ya kata nzima.

Na moshi wa Rahaleo ulikuwa moshi wa korosho. Mwanamke huliweka karai motoni, korosho zikaiva mpaka zikashika moto, mafuta ya maganda yakatoa moshi mweusi unaowasha macho na koo, naye akazizima kwa mchanga, akazibangua, akaenda kuuza. Kwa kazi hiyo Bi Somoe alimsomesha mwanawe wa pekee mpaka akawa Bwana Afya wa Mji. Na Bwana Afya huyo, alipokabidhiwa kuyasimamia mashindano, alianza na karai la mama yake. Alilimwagia maji mchana kweupe, majirani wakitazama. Alijiambia: nikimwacha mama yangu, nitamzimaje mke wa mtu?

Bi Somoe hakumtukana. Alilitazama karai likifuka mvuke, akasema, "Na radhi yangu umeimwagia maji," akaingia ndani. Hawakusemezana tena.

Je, Selemani alikosea? Watoto wa Rahaleo walipungua kukohoa msimu ule, hilo hata waliomchukia walilikubali. Lakini sheria ina macho makavu, na mama ni mama. Ile sukari ilikuwa ndiyo mwanzo wa kuomba msamaha. Alichelewa asubuhi moja tu.

Alitaka kuingia akamwone. Mjomba akamzuia kwa kiganja kifuani, akasema kuna jambo kubwa zaidi ya machozi.

Hapakuwa na sanda.

Hilo halikutarajiwa kabisa. Rahaleo nzima ilijua kwamba Bi Somoe alikuwa na sanda yake. Aliinunua zamani kwa korosho, bafta ya kutosha nguo tano za maiti ya kike, akaikunja na kafuri, akaifungia sandukuni chini ya kitanda. Wanawake wa rika lake wengi hufanya hivyo, na yeye alijivunia ile yake kuliko wengine. Alikuwa akisema, mimi nimeishi na nguo za matundu, lakini kwa Mola wangu nitakwenda nimevaa nguo nzima. Si maneno ya mzaha. Mafuta ya korosho yalikuwa yametoboa kila kanga aliyowahi kuifunga.

Asubuhi ile mjomba Mussa alizungusha ufunguo, akainua kifuniko. Ndani alikuta kafuri kwenye karatasi yake. Sanda haikuwapo.

"Aliyeichukua ni mtu wa kuingia chumbani kwake," mjomba akasema, akimtazama Selemani lakini hamwoni. "Nitamjua. Na nikimjua, huyo na mimi hatutazikana."

Imamu alituma neno kwamba kanga safi inatosha, Mwenyezi Mungu hamtazami mja kwa bei ya nguo. Maneno mazuri na ya kweli. Lakini kanga safi isiyo na tundu ilikuwa ya nani? Kila mwanamke pale barazani alikuwa nayo moja, nayo ndiyo aliyoivaa. Mjomba alisema dada yake hatazikwa na nguo ya kuazima. Akasema mazishi ni alasiri, na kwamba mtoto wa kiume ndiye anayemtafutia mama yake nguo ya mwisho.

Selemani akatoka mbio.

Alikwenda duka la ushirika. Muuzaji alimpa pole, akamfungulia mpaka stoo ajionee mwenyewe. Palikuwa na majembe yasiyo na mipini na betri za redio. Bafta haikuonekana tangu Ramadhani. Alikwenda kwa katibu kata kuomba kibali cha sanda, akakipata pale pale, na muhuri juu. Kibali alikuwa nacho sasa, kitambaa hakuna, na maiti haivishwi muhuri. Alizunguka mitaa ya Chikongola na Majengo, akawauliza Wahindi wa maduka ya zamani na mafundi cherehani. Wote walimhurumia kwa dhati, na huruma ndiyo pekee iliyokuwa haina foleni Mtwara.

Aliporudi, jasho limemlowesha shati, mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wanaume. Alimtazama mikono mitupu, halafu akainua kidole kuonyesha juu ya mapaa.

Kule mwisho wa mtaa, kwenye uwanja, bafta ya Rahaleo ilikuwa ikipepea kwenye mlingoti wake.

"Kweli penye miti hapana wajenzi," mjomba akasema. "Mji mzima umevaa bafta. Mama yako tu ndiye hana."

Selemani alisema ile ni mali ya serikali. Alisema kwa sauti ndogo, maana hata yeye aliona aibu kulisema mbele ya msiba. Lakini mlikuwapo, wakubwa, mnakumbuka. Ilikuwa miaka ambayo mtu alikamatwa kwa katoni ya sabuni akaitwa mhujumu wa uchumi. Bafta za kata nyingine zilikuwa zimeshateremshwa na kufungwa kwa lakiri. Ya Rahaleo ilibakizwa ya mwisho makusudi, kwa sherehe, kwa kuwa ilikuwa nyeupe kuliko zote. Nyeupe mno. Selemani mwenyewe alijisifu nayo kwenye kikao, akasema ile ndiyo kazi ya karai la mama yake kuzimwa.

Akiwa amesimama hapo, akasikia akiitwa uani, taratibu, "Mwanangu. Mwanangu Selemani."

Alikuwa mama Felismina, rafiki wa marehemu, yule aliyemfumba macho. Felismina alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto kwenye kivuko cha Kilambo wakati wa vita vya Mreno, mumewe akafia huko huko, na baadaye bintiye naye akafa akamwachia wajukuu watatu. Bi Somoe ndiye aliyemfundisha kukaanga korosho. Mmoja alisali msikitini, mwingine misheni, na kwa moto waliota mmoja.

Alikuwa amejikunja nyuma ya jiko, kanga mdomoni. Selemani alidhani analia. Kumbe alikuwa akiogopa.

"Usitafute sanda mjini," akasema. "Utachoka bure. Najua iliko."

"Iko wapi?"

Felismina aligeuza uso kuelekea uwanjani. Akautazama mlingoti.

Selemani hakuelewa. Ilibidi bibi yule aanze mwanzo.

Alisema kwamba wajukuu walilala na njaa, wakalala tena na njaa, na ya tatu hakuweza. Alikaanga korosho kwa siri kwenye kichaka nyuma ya uwanja, akidhani pale moshi hautaingia majumbani. Haukuingia majumbani. Ulikwenda moja kwa moja kwenye bafta, ukaishika yote na mafuta yake, ikawa kama kitambaa cha kufutia sufuria. Alijaribu kuifua. Mafuta ya korosho hayafuliki, yeye mwenyewe alijua, lakini mtu mwenye hofu hujaribu. Mwishowe akaichoma, akakimbilia kwa Bi Somoe akiihofia roho yake. Watamfunga. Au watasema huyu si wa hapa, watamvusha mto, na wajukuu watabaki na nani?

"Mama akasema nini?"

"Hakusema. Alivuta sanduku."

Selemani akakaa chini kwenye majivu.

Felismina alieleza kwamba alimshika Bi Somoe mkono, akamkataza, akamwambia hiyo ni nguo yako ya mwisho. Bi Somoe akamjibu kwamba yeye hafi leo, na bafta ya kata ikionekana haipo, wa kwanza kufukuzwa kazi ni mwanawe. Kulipopambazuka wakaitundika wenyewe, wanawake wawili wazee, mmoja anavuta kamba na mwingine anashikilia mlingoti. Kila Bi Somoe alipopita uwanjani alikuwa akiinua macho kuitazama, akicheka. Alisema hajawahi kuona mtu anayeanika sanda yake mwenyewe juani naye bado anakunywa uji.

Hapo Selemani alilia. Alilia kwa sauti, Bwana Afya mzima, kofia ya kazi mkononi, na hatuoni haya kuliandika. Alikuwa akisema amemnyang'anya mama yake moto, naye mama akampa mpaka nguo ya kaburini ili ajisifu nayo kwenye vikao.

Alipopata pumzi aliuliza lile lililokuwa likimla tangu asubuhi. Aliuliza kama mama yake alimwachia neno.

Felismina alichungulia mlangoni kwanza. "Sipendi kulisema, maana litaonekana nimelitunga kwa faida yangu."

"Liseme, mama."

"Alisema hivi: siku likijulikana, Selemani asikutaje. Akikuficha, karai nimemsamehe."

Hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake, msomaji. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo tu, na unaweza kudhani hilo ni jepesi.

Alikwenda uwanjani kwa miguu, hakukimbia tena. Huko ngoma zilikuwa zinapigwa. Wanawake waliozima makarai yao msimu mzima walikuwa wamejipanga, wamechoka, wanatabasamu. Mpimaji, Ndugu Yustina, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuwa amesimama chini ya mlingoti na kadi yenye rangi kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Alikuwa ameshailinganisha bafta. Mkurugenzi wa Mji, Ndugu Erasto, alikuwa ameshaambiwa, na uso wake ulionyesha. Kwa bafta ile Mtwara ilikuwa imeishinda miji yote.

Erasto alimkumbatia Selemani, akampa pole, akamwambia angeahirisha sherehe lakini mgeni ana ndege. Selemani akamvuta pembeni. Akamwambia kuwa bafta ile si ya serikali, ni sanda ya mama yake, na kwamba ameifuata.

Erasto hakumkatalia kuwa ni kweli. Alikuwa mtu mwelevu, alimjua kijana wake haongopi. Alichofanya ni kumshika bega.

"Sikiliza, Ndugu. Mke wangu wa kwanza alifia kwenye lori la chumvi, njia ya Nanyamba, mtoto ametanguliza mguu. Gari la wagonjwa lingemfikisha. Mama yako leo, gari lingemfikisha. Mzike na kanga. Marehemu hahisi baridi."

"Wewe mkeo ulimzika na nini?"

Erasto aliondoa mkono begani. Alisema kwa utaratibu kwamba hilo halihusiani, kwamba kuna wanawake wajawazito mji mzima, kwamba Selemani asiutazame msiba wake peke yake. Alisema na mengine mengi, na nusu yake ilikuwa haki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Erasto alikuwa amewahi kuubeba wake, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa mazito kuyajibu.

Selemani aliutazama mlingoti. Aliwaona wagonjwa wa kesho ambao hakuwajua majina. Akamwona na mama yake, chali, anasubiri kuvishwa. Hakupata jibu lililo safi upande wowote, nami sina la kumpa.

Ndugu Yustina alikuwa amewasogelea. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Nina swali moja," akasema. "Nitaandika utakachojibu, sitauliza mara mbili. Bafta hii ni ya serikali au ni ya mama yako?"

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Watu huwa wanajua.

"Ni ya mama yangu," Selemani akasema.

Yustina alikunja kadi yake. Alieleza, bila ukali, kwamba bafta iliyobadilishwa haipimiki, na kata moja ikiharibika mji wote unatolewa kwenye mashindano. Kisha akamgeukia mtu wa kamba akamwambia aiteremshe, aipokee vizuri isiguse chini. Aliikunja yeye mwenyewe, akamkabidhi Selemani kwa mikono miwili. Akasema, mzike kwanza.

Katika kundi la wanawake mmoja alipaza sauti. Hakuwa anatukana. Alikuwa anauliza kama mtu aliyepotea njia.

"Kwa hiyo tulizima bure?"

Selemani alipita katikati yao, sanda kifuani. Walimpisha, lakini walimpisha kama wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa. Mmoja alitema mate, yakaanguka karibu na kiatu chake. Nyuma yake Erasto alikuwa ameshaelekea kwenye ofisi ya kata, kwenye simu.

Nyumbani hakuna aliyeuliza imepatikana wapi. Mjomba aliipokea, akaipapasa kwa vidole, akaipitisha ndani kwa wanawake. Walimwosha Bi Somoe, wakamtia kafuri, wakamvisha. Walipoufungua mlango kwa ajili ya kuaga, Selemani alimwona mama yake katika nguo isiyo na hata tundu moja. Alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka. Aliwaza kwamba angalau hili amelifanya sawa.

Makaburini waliteremka watatu, yeye akiwa upande wa kichwa. Mjomba alisimama ukingoni na wanaume wa mtaa. Erasto naye alikuja, hilo lazima tuliseme, kwa kuwa mtu huhudhuria msiba hata wa aliyemwangusha. Jeneza likafunguliwa. Selemani akanyoosha mikono, akampokea mama yake, kichwa chake kikalala kwenye mkono wake wa kushoto, chepesi.

Ndipo Landrova ya polisi iliposimama njiani.

Afisa aliyeshuka alikuwa na adabu. Alivua kofia, akasubiri dua iishe, akasogea mpaka ukingoni. Alisema ametumwa na anaona vibaya, lakini bafta ya serikali imepotea na nyingine ikawekwa mahali pake kuidanganya serikali, na ametakiwa arudi na kidhibiti au arudi na mtu.

Wanaume wakaanza kunung'unika. Kidhibiti kilikuwa mikononi mwa Selemani, kimemzunguka mama yake.

"Sifukui maiti," afisa akasema. "Basi niambieni tu nani aliyebadilisha."

Selemani, shimoni, alikuwa ameinamisha uso. Alikuwa akimfikiria Felismina, ambaye wakati ule alikuwa uani akipika chakula cha waombolezaji, wajukuu watatu wamemzunguka. Alisikia na ile ahadi. Akikuficha, karai nimemsamehe. Aliona kwamba jina lisipotajwa leo litatafutwa kesho, nyumba kwa nyumba, na Rahaleo ina midomo. Njia ya kulifunga jambo ilikuwa moja.

"Ni mimi," akasema.

Afisa aliandika. Lakini sauti iliyofuata haikuwa yake.

"Wewe ndiye uliyefungua sanduku la mama yako?" mjomba Mussa akauliza.

Selemani akainua kichwa. Hapo ndipo alipoiona gharama yote ya neno lake, naye alikuwa ameshalitamka. Mjomba alikuwa ukingoni, akimtazama. Na kila mwanamume aliyekuwa pale alikuwa akihesabu vilevile kichwani: mtoto aliyemzima mama yake moto, kisha akamwibia sanda, akaitundika uwanjani, ashinde zawadi ya serikali. Maji yakimwagika hayazoleki.

Angeweza kusema. Erasto alikuwa akimtazama kama mtu anayemsihi aseme. Mama yake alikuwa mkononi mwake, uso wake umefunikwa, na alikuwa ameomba kitu kimoja.

"Nililifungua mimi, mjomba."

"Kwa ajili ya mashindano."

"Kwa ajili ya mashindano."

Mzee yule hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Mpe mwenzako kichwa," akasema. "Toka kwenye kaburi la dada yangu."

Selemani aliomba amlaze tu. Aliomba amfungue kamba ya kichwani, amweke shavu kwenye udongo, amwelekeze kibla, ndipo atoke, kisha wamfanye watakavyo. Aliomba kwa jina la aliyewazaa wote wawili, mjomba na dada yake. Mjomba alikuwa ameshageuka, hamsikilizi. Kijana wa jirani aliingiza mikono yake chini ya mikono ya Selemani, akakipokea kile kichwa taratibu, akisema samahani, kaka, samahani.

Afisa alimpa mkono akamvuta juu. Hakumtia pingu. Walikwenda bega kwa bega hadi kwenye Landrova, na walipokuwa bado njiani Selemani alisikia udongo wa kwanza ukianguka nyuma yake. Alisimama. Afisa naye akasimama, akatazama kando, akamwacha asikilize mpaka aliposhindwa mwenyewe kusikiliza.

Jioni wanaume walirudi Rahaleo. Mjomba Mussa hakukaa mkekani na wenzake. Alipita moja kwa moja mpaka uani, alipokuwa Felismina akipakua chakula, kwa kuwa aliona ni haki rafiki wa marehemu awe wa kwanza kujua.

"Mwizi wa sanda amepatikana," akamwambia. "Amekiri mwenyewe, mbele ya kaburi. Nimemtoa humo kabla hajamtupia hata konzi ya udongo."

Felismina akauweka upawa chini. Wajukuu zake watatu walikuwa wakila kwenye sinia moja, wameinama.

"Nani, kaka?"

"Mwanawe."